Kamera Gani Itafaa? Maelezo kwa Vijana Wapiga Picha za Ndege na Wanyamapori wa Kaunti ya Kilifi

Maelezo haya yalitolewa Gede mbele ya vijana waongoza wageni, wanafunzi na wanachama wa vikundi vya uhifadhi. Tunayachapisha karibu yote kama yalivyosemwa, kwa kuwa maswali kuhusu ununuzi wa kamera za vikundi yamekuwa yakiletwa katika ofisi za wadi mara kwa mara.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya kuchagua kamera na vifaa vyake kwa kazi ya kupiga picha za ndege, wanyama na mazingira yetu. Kabla sijasimama, mwenyekiti ameninong'oneza kwamba humu ndani mna vikundi viwili vilivyokwisha kuweka akiba, na kimoja kimechukua na mkopo juu yake. Pesa za mkopo hazingoji picha nzuri zipatikane, tarehe ya kulipa ikifika imefika. Kwa hivyo leo sitasema kama mwalimu wa darasani. Nitasema kama mtu anayewasindikiza dukani, na pale ambapo naona jambo ni la kupoteza pesa nitawaambia hivyo bila kuzunguka.

Swali mnaloniuliza kila mara ni hili: "Kamera gani ni nzuri?" Nami hulijibu kwa swali lingine, utapiga nini, ukiwa wapi, na picha ataipokea nani? Mtu wa Narok anaweza kuwa na jibu moja. Kule Mara simba analala kwenye nyasi wazi, jua limempiga, gari liko hatua chache. Sisi Kilifi tuna mambo manne tofauti, na kila moja linataka kifaa chake.

Kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, msitu mkubwa kuliko yote iliyosalia ya namna yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Ndani yake kuna bundi mdogo wa Sokoke, kuna sange wa kiuno cha dhahabu, kuna ndege ambao wageni huvuka bahari kuja kuwaona. Shida ya msituni si umbali. Bundi yule ukionyeshwa alipolala mchana utakuwa naye karibu kama mimi na yule bwana wa mstari wa tatu. Shida ya msituni ni giza.

Halafu kuna hori la Mida na mdomo wa mto Sabaki. Kule mwanga ni mwingi mpaka unaumiza macho, lakini ndege yuko mbali, kwenye tope, na ukimsogelea anaruka. Shida ya kule ni umbali.

Tatu kuna vipepeo. Hapa Gede wakulima wanaopakana na msitu wamekuwa wakifuga viwavi na kuuza mabuu kupitia mradi wa Kipepeo tangu mwaka 1993. Kipepeo hana shida ya umbali wala giza sana. Shida yake ni kwamba ni mdogo, na lenzi nyingi hukataa kuona kitu kilicho karibu nayo. Na nne ni ndovu wa Tsavo Mashariki kwa wale mnaopeleka wageni kupitia lango la Sala. Ndovu ni mkubwa, ni mwekundu kwa vumbi, na hata kamera ya kawaida itampata. Shida ya kule ni vumbi lenyewe.

Basi giza, umbali, udogo, vumbi. Hakuna kamera moja inayoyashinda yote manne kwa bei ambayo kikundi cha vijana kinaiweza. Atakayewaambia ipo anauza kitu. Kikundi lazima kiamue kazi yake kubwa ni ipi.

Nianze na giza, maana ndilo linalowadanganya watu wengi.

Kila lenzi imeandikwa nambari pembezoni. Mtaona f/2.8, f/4, f/5.6 na kuendelea. Nambari hiyo inasema tundu la lenzi linaweza kufunguka kiasi gani. Nayo inakwenda kinyume na mnavyotarajia, kwamba nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/4 inaingiza mwanga mara mbili ya ile ya f/5.6. Ya f/2.8 inaingiza mara nne ya ile ya f/5.6. Chukueni mfano. Mko chini ya miti minene saa mbili asubuhi, lenzi yenu ya f/5.6 imefunguka yote, na kamera inawapa kasi ya sehemu ya 125 ya sekunde. Sange hatulii. Anafukua majani, anaruka, anafukua tena. Kwa kasi hiyo utapata ukungu wa kahawia wenye kiuno cha manjano. Mwenzako aliye na f/2.8, mambo mengine yakiwa sawa, atapiga kwa sehemu ya 500 ya sekunde, na miguu ya sange itaonekana.

Mtasema basi tununue f/2.8. Hapo ndipo pesa inapoingia. Lenzi ndefu yenye tundu kubwa ni kioo kikubwa, na kioo kikubwa kinasagwa kwa gharama. Zile lenzi nyeupe kubwa mnazoziona kwa wageni, za milimita 600 zenye f/4, zikiwa mpya bei yake hupita shilingi milioni moja, bila kamera. Msijipime nazo. Hata huyo mgeni wengine huikodisha kwao kwa wiki mbili.

Njia ya pili ya kupambana na giza ni kupandisha ISO, yaani kuifanya kamera ihisi mwanga zaidi. Kamera zote zinaweza, lakini picha huanza kutoa chengachenga. Kiasi cha chenga kinategemea hasa ukubwa wa kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ambacho wenye kazi huita sensa. Hapa nataka mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo muuzaji anapowapiga chenga nyingine.

Muuzaji atawaambia megapikseli. "Hii ni ya megapikseli 20, ile ya 24." Picha ya gazeti hili la kaunti, kadi ya posta, hata bango la mlangoni, megapikseli 12 zinatosha. Muulize sensa ina ukubwa gani. Iko ya fremu kamili, milimita 36 kwa 24. Iko ya wastani, ambayo mnaiona kwenye kamera nyingi za bei ya kadiri, upana wake kama milimita 23 hivi. Halafu iko ile ndogo kabisa, ndogo kuliko ukucha wa kidole chako kidogo, ambayo huwekwa kwenye kamera zenye zumu refu sana. Ile ya wastani ina eneo zaidi ya mara kumi ya ile ndogo. Zote mbili zinaweza kuandikwa megapikseli 20 kwenye boksi.

Sasa twende kwenye umbali.

Ukiwa na lenzi ya milimita 300, na mwenzako ana ya 600 kwenye kamera kama yako, ndege wake atatokea na urefu mara mbili na eneo mara nne ndani ya picha. Kwenye tope la Mida hiyo ndiyo tofauti kati ya picha ya ndege na picha ya tope. Hapa sensa ya wastani inawasaidia. Kwa kuwa ni ndogo kuliko fremu kamili, inakata kingo za picha, na lenzi ya milimita 300 inaonyesha eneo lile ambalo kwa fremu kamili ungehitaji 450. Kwa sababu hiyo mimi siwashauri vijana wa ndege wakimbilie fremu kamili. Ni nzuri kwa giza, lakini inawadai lenzi ndefu zaidi, na lenzi ndiyo ghali.

Kuna zile kamera za zumu refu nilizozitaja, kama Nikon Coolpix P900 na P1000, au Canon SX70. P900 inazumu mpaka kile ambacho kwenye fremu kamili kingekuwa milimita 2000, na P1000 mpaka 3000. Hazibadilishwi lenzi. Wapiga picha wengi huzidharau. Mimi sizidharau, ila naziweka mahali pake. Kwa mwongoza ndege anayetaka kumwonyesha mgeni kwamba yule ndege mweupe na mweusi mla kaa ana mdomo mnene namna gani, au anayetaka ushahidi wa picha apeleke orodha yake kwenye Kenya Bird Map, kamera hizi zinafanya kazi kwenye jua la Mida kwa gharama ndogo na uzito wa kubeba begani siku nzima. Zipeleke ndani ya msitu wa Sokoke saa kumi na mbili na nusu jioni, utarudi na chenga tupu. Na ndege akiruka, ukiwa umezumu mpaka mwisho, kumpata tena ndani ya kioo ni kama kutafuta sindano kwenye makuti.

Na kabla hamjanunua lenzi ya kuwafikia ndege, mjue maji. Nyinyi wa Dabaso na Mida mnajua kupwa na kujaa kuliko mtu yeyote wa Nairobi mwenye lenzi ya milioni. Maji yakipwa ndege wametawanyika kilomita nzima kwenye tope. Maji yakianza kujaa yanawasukuma taratibu kuelekea ukingoni, na yule aliyekwisha kukaa kimya kwenye mikoko mapema atafuatwa na ndege mwenyewe. Kati ya Oktoba na Aprili, wageni wa kutoka kaskazini wakiwa wamejaa, mtu mwenye milimita 300 na ratiba ya bamvua kichwani humshinda mwenye 600 aliyefika saa sita mchana. Saa sita joto linachemsha hewa juu ya tope, na mvuke ule hakuna lenzi inayoukata, hata ya bei gani. Mara nyingi mtu hudhani lenzi yake ni mbovu kumbe ni hewa.

Vipepeo nitavipitia haraka. Ipo lenzi maalumu ya vitu vidogo, ya milimita 90 au 100, nzuri sana, inayotoa kitu kwenye sensa kwa ukubwa wake halisi. Kama hamna uwezo, ulizeni mirija ya kati. Ni mirija mitupu isiyo na kioo chochote, unaiweka kati ya kamera na lenzi uliyonayo, na lenzi inaanza kuona karibu. Bei yake ni sehemu ndogo ya lenzi mpya. Hakikisheni tu ni ile yenye vishikizo vya umeme, isiyokata mawasiliano ya lenzi na kamera.

Sasa mtanunua nini?

Kwa kikundi kinachotaka kuuza picha, kutengeneza kalenda, kuhudumia hoteli na kufundisha wenzao, ushauri wangu ni mtumba mzuri. Sisemi hivyo kwa sababu ya umaskini. Kampuni zote kubwa zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na wenye pesa wameuza zile za kioo kwa wingi. Kamera kama Nikon D500 ya mwaka 2016 au Canon 7D Mark II ya mwaka 2014, zinazopiga fremu 10 kwa sekunde moja, zilikuwa ndoto za mpiga picha wa ndege. Ndege hawajaongeza mwendo tangu wakati huo. Lenzi za kutafuta ni kama Nikon 200-500 ya f/5.6, zile za 150-600 za Sigma au Tamron, au Canon ya 400 f/5.6 ya zamani, ambayo haina kituliza mtikisiko lakini ni nyepesi na kali. Mkipungukiwa, 70-300 yenye kituliza mtikisiko ni mwanzo wa heshima kabisa.

Jambo moja la kujihadhari kwa upande wa Nikon. Kamera zake ndogo, zile za mfululizo wa D3000 na D5000, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Lenzi za zamani za Nikon, zile zinazotegemea mota ya kamera, ukizifunga hapo zitabaki za kuzungusha kwa mkono. Zinauzwa kwa bei tamu, na kijana hufurahi mpaka afike nyumbani. Muulize muuzaji kama lenzi ina mota yake, halafu usimsikilize, ifunge kwenye kamera yako uone.

Pesa mzigawe hivi. Tuseme kikundi kina shilingi 150,000. Msiende kununua bodi ya 120,000 mkabaki na lenzi ndogo iliyokuja ndani ya boksi. Bodi inazeeka, lenzi inarithiwa. Mimi ningetenga kama 50,000 kwa bodi, 75,000 kwa lenzi, na 25,000 zilizobaki zisiguswe mpaka mnunue betri ya pili, kadi mbili za memori kutoka duka linaloaminika, mfuko, na mahali pakavu pa kuhifadhia. Kadi bandia zimejaa. Inaandikwa gigabaiti 128, ikijaa 16 inaanza kufuta kimyakimya. Jaribuni kadi mpya kwa kuijaza yote nyumbani kabla ya kuipeleka kwenye harusi ya mtu au kwa mgeni.

Wengine wamenicheka nikisema hili, lakini nalisema tena. Kama wewe ni mwongoza ndege na huna darubini yako mwenyewe, usinunue kamera. Nunua darubini kwanza. Mgeni anakulipa kwa kuona. Chukua ya 8x42, yaani inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina milimita 42, ambayo mwanga wake unatosha hata msituni. Usivutwe na ya 20x ya barabarani, mkono ukitetemeka kidogo ndege wote wanacheza ngoma. Na simu yako ukiiegemeza kwenye darubini, jicho la simu likae sawasawa katikati ya kioo cha kuangalia, utapata picha ya ndege aliyetulia ambayo itakushangaza. Kwa wengi waliokaa humu, hiyo inatosha kwa mwaka wa kwanza, na mkopo haujachukuliwa.

Kuhusu kukagua mtumba. Nendeni mchana, wawili au watatu, mkiwa na tochi, laptopu na kadi yenu ya memori.

Shika lenzi, fungua vifuniko vyote viwili, mulika tochi kutoka nyuma na uangalie kwa mbele kwa pembe. Vumbi dogo halina neno. Unachotafuta ni nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Pwani yetu ni nyumba yake, na lenzi iliyokaa Mombasa au Malindi kwenye mfuko wa ngozi kabatini miaka mitatu ni lazima uishuku. Kuvu ikishakula mafuta ya kioo, kusafisha hakurudishi. Usikubali kupunguziwa bei, iache.

Kisha piga picha za ukuta mweupe na za gazeti lililobandikwa ukutani, kwenye kila pembe ya zumu. Zifungue kwenye laptopu ukiwa hapo hapo. Upande mmoja ukiwa mkali na mwingine umefifia, lenzi imewahi kuanguka. Uliza bodi imepiga fremu ngapi, kamera nyingi hesabu hiyo inasomeka kwa programu za bure. Shata ya D500 imepimwa kiwandani kwa mara 200,000, kwa hiyo iliyopiga 60,000 bado ni kijana. Sukuma kadi ndani na nje mara kadhaa. Bonyeza kila kitufe, hata kile usichokijua.

Mwisho wa ukaguzi, andikeni nambari ya bodi na ya lenzi, jina na nambari ya kitambulisho cha muuzaji, sahihi pande mbili, na mlipe kwa njia inayoacha rekodi. Kamera za wageni huibwa ufuoni. Hamtaki kikundi chenye cheti cha usajili kikutwe na mali ya wizi, maana hapo hamtapoteza kamera peke yake.

Utunzaji, kwetu, ndio unaoamua kama kamera itamaliza mkopo au mkopo utaimaliza kamera. Tafuteni ndoo au mkebe wa plastiki unaofunga kabisa, ule wa kuhifadhia unga unafaa. Wekeni silika jeli ndani, ile ya punje zinazobadilika rangi zikishiba unyevu. Zikishiba, zikausheni kwenye sufuria juu ya moto mdogo, zirudi kazini. Mfuko wa kamera si mahali pa kulaza kamera, unashika jasho. Ukitoka ufuoni au kwenye mashua, chukua kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya bomba na kukamuliwa vizuri, futa bodi na mwili wa lenzi kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa kikavu. Ukianza na kikavu unasugua chumvi kwenye rangi. Kioo chenyewe ukipulize kwanza kwa mpira wa hewa. Shati lako liache.

Tsavo usibadilishe lenzi gari likiwa na madirisha wazi. Nako huhitaji stendi ya miguu mitatu, ndani ya gari haina pa kusimama. Shona mfuko wa turubai, jaza kunde au mchele, uweke dirishani, lenzi ilale juu yake. Kwa uthabiti haushindwi na kitu chochote mnachoweza kununua, na siku ya mwisho ya safari mnaupika. Fundi cherehani wa hapa sokoni atawashonea kwa bei ya chakula cha mchana.

Nakuja kwenye jambo ambalo halimo kwenye boksi la kamera.

Bundi wa Sokoke, sange, na mnana wa Clarke hawana kwao kwengine pa maana. Mnana huyo duniani kote anajulikana Kilifi peke yake, na viota vyake vilipatikana Dakatcha mwaka 2013 tu. Mgeni akikwambia, "Vunja kale katawi kananizibia," na bahasha imo mfukoni mwake, umeombwa uuze shamba ili ununue jembe. Bundi akifunuliwa jua mchana, mwewe anamwona. Akihama pale, hakuna wa kumwonyesha mgeni wa kesho. Vivyo hivyo kumuita kwa sauti ya simu mara kumi kwa siku. Anaacha kula, anakuja kupigana na adui asiyekuwepo. Flashi machoni mwa ndege wa usiku pia iacheni. Kama lenzi yenu haiwezi kumpiga bila flashi, mwambieni mgeni ukweli na mumpe darubini.

Na zimeni mahali kwenye kamera ya simu. Picha nyingi za simu hubeba ndani yake alama za mahali ilipopigwa. Ukiituma picha ya kiota kama ilivyo, umetuma na ramani.

Niliulizwa kuhusu droni nilipokuwa naingia. Droni Kenya zinasimamiwa na Mamlaka ya Safari za Ndege, KCAA, chini ya kanuni za mwaka 2020. Lazima isajiliwe na mrushaji awe na idhini. Ndani ya mbuga na hifadhi za KWS hairuki bila ruhusa yao, na hiyo ni pamoja na hifadhi ya bahari ya Watamu. Juu ya kundi la heroe pale Sabaki, wale wengi wenu mnaowaita flamingo, hata ukiwa na karatasi zote, utawarusha wote na picha yako itakuwa ya migongo. Kwa kikundi kinachoanza, hizo pesa ziwekeni kwenye lenzi.

Lililobaki ni la wenyeviti na waweka hazina. Kamera ya kikundi iwe na daftari: nani ameichukua, siku gani, kadi gani, imerudi ikiwa namna gani. Amueni leo, kabla ya kununua, ikianguka nani analipa kiasi gani. Amueni pia picha ni ya nani. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazilinda picha, lakini haiwezi kuwagawia hela zenu za kalenda. Andikeni kwamba mpigaji anapata sehemu fulani na kikundi sehemu fulani, na jina la mpigaji liandikwe chini ya picha kila inapotumika. Hoteli ikiomba picha "za bure kwa kutangaza kaunti," muulizeni meneja kama chumba nacho kinatolewa bure kwa kutangaza kaunti. Mwambieni kwa adabu, huku mkitabasamu, maana mtamhitaji tena.

Ndugu zangu wa kile kikundi cha mkopo, baada ya hapa tukae dakika chache na karatasi yenu ya bei. Kamera zangu mbili na lenzi tatu ziko kwenye meza ile ya nyuma. Moja ya hizo lenzi ina kuvu, nimeileta makusudi mjue inavyoonekana. Tochi ipo. Njooni wawili wawili, na anayetoka kwenye chai aifute mikono kwanza.